Tumeletewa mkataba wa utafiti wa gharama za matibabu: pesa zao, daftari letu. Tusaini?

Bi Kokoto

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye chai akaichukue kabisa.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama wapasua kokoto huku Ilemela, Mwanza. Tupo 30, wengi wajane au tulioachiwa watoto. Kazi yetu mnaijua: unanunua jiwe, unaligonga juani mpaka liwe robo tatu au nusu inchi, unajaza ndoo, fuso likipita unauza. Vumbi la jiwe ndilo uji wetu wa asubuhi.

Kikoba chetu kina hisa na kina mfuko wa jamii kama vingine vyote. Kila wiki mtu anaweka mia tano, akipatwa na shida anachukua bila riba, ila anasema sababu na katibu anaandika. Mwanzoni nilikuwa naandika "ugonjwa" basi. Siku moja mwenzetu akachukua ya ugonjwa, Jumapili akaonekana na kitenge kipya. Mwenyekiti akaniambia kuanzia leo andika ugonjwa gani na kila mia imekwenda wapi. Nikaandika: bodaboda, kipimo, dawa ya duka la nje, chakula cha anayemuuguza, siku alizokaa bila kugonga. Daftari hilo sasa lina miaka mitatu.

Tulipokaa kulisoma tukashangaa wenyewe. Dawa mara nyingi si kitu kilichotumaliza. Kilichotumaliza ni nauli ya kwenda mara tatu kwa jambo moja, maana leo mashine mbovu, kesho mtaalamu hayupo, keshokutwa ndiyo majibu. Halafu zile siku za nyundo kulala. Aliyechukua pesa nyingi kuliko wote ni mwenzetu aliyekuwa kwenye dozi ya TB, dawa ambayo ni bure nchi nzima.

Habari ikafika kwa taasisi moja, sitaitaja. Wakaja na magari mawili, wakapiga picha na daftari, wakasema wanaandika andiko la kuomba fedha nje, na neno lililowapendeza sana ni "utafiti unaoongozwa na jamii". Tulishangilia kweli, kuna mtu alichinja kuku.

Juzi wameleta mkataba. Ni wa Kiingereza, mtoto wa mwenzetu aliyeko chuo ametusomea. Pesa zinaingia akaunti yao. Sisi tunaitwa wahamasishaji, posho elfu kumi kwa siku tukiitwa. Maswali wameshayaandika wao. Daftari linakuwa mali ya mradi. Na matumizi yetu yoyote tunatumia kwanza, tunapeleka risiti, tunarudishiwa ndani ya siku 90. Tunatakiwa kujibu Ijumaa.

Akina mama wamegawanyika. Wengine wanasema elfu kumi ni elfu kumi. Naomba wajuzi mnisaidie, tusaini au tukatae?

KijanaWaNyamagana

Nipo siti ya mbele. Ila niulize, kwenye huo uongozi wa jamii, jamii inashika nini zaidi ya pua kwenye vumbi?

Ukweli Mchungu

Dada nitasema nisichopendwa. Utafiti wa nini? Kila mtu anajua maskini hana nauli. Watu 30 na daftari si utafiti, ni masimulizi. Hizo pesa za wazungu zingewakatia bima ya afya kama ile CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, mkatibiwa tukanyamaza. Nchi hii imejaa ripoti, zahanati ndizo hazijai dawa.

Bi Kokoto

Mkuu Ukweli Mchungu, wengi wetu tulikuwa na hiyo kadi ya CHF. Tuliiacha kwa sababu ambayo ipo kwenye daftari. Kadi haipandi bodaboda. Na ukifika ukaambiwa dawa nunua nje, kadi unairudisha kwenye pochi, unatoa hela. Mnaosema "kila mtu anajua" ndio mliotutengenezea kadi isiyojua nauli.

Mtakwimu

Ukweli Mchungu, nusu uko sahihi, nusu umepotea. Watu 30 hawawezi kusemea Mwanza nzima, hilo lazima kikundi wakubali. Daftari lao linaonyesha pa kuchimba, halisemi kisima kina maji kiasi gani. Ila kusema utafiti ni anasa ni kusahau nchi yako.

Miaka ya tisini, Rufiji na Morogoro Vijijini kulikuwa na mradi wa afya ulioitwa TEHIP, wa wizara yetu ya afya pamoja na IDRC, shirika la Kanada linalofadhili utafiti. Walifanya jambo la kishamba kabisa: wakaangalia watu wanakufa kwa nini, kisha wakaangalia bajeti ya wilaya inakwenda wapi. Havikufanana. Halmashauri zikapewa nyongeza ndogo, haikufika dola moja kwa kichwa kwa mwaka, na uhuru wa kuipeleka kwenye malaria na magonjwa ya watoto. Ndani ya miaka kama mitano vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 kwenye wilaya hizo mbili. Hawakujenga hospitali mpya. Walijua tu pesa iwekwe wapi.

Na kwa hapo kwenu Mwanza, utafiti wa 1991 hadi 1994 ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40 ulifanyika vijijini kwenu, ukatoka 1995, dunia nzima ikausoma. Mwanza mmechunguzwa sana. Tofauti yenu na wale wanavijiji ni kwamba wao walijibu swali la mtu mwingine. Nyie mmekuja na lenu.

Kuhusu mgonjwa wenu wa TB: Shirika la Afya Duniani lina kipimo, kwamba gharama ikivuka asilimia 20 ya kipato cha kaya kwa mwaka, hiyo kaya imeangamia kiuchumi. Nchi nyingi zimefanya utafiti huo, na karibu nusu ya kaya za wagonjwa wa TB zinavuka hapo, ingawa dawa ni bure. Nauli, chakula, siku za kazi. Mmefika hukohuko kwa kalamu ya Bic. Na ninyi mna jambo la ziada, vumbi la mawe lenye madini ya silika huharibu mapafu na kuyafungulia TB mlango. Huyo mwenzenu sidhani kama ni bahati mbaya tu.

Bi Kokoto

Hilo la vumbi limenikata maini. Watatu wetu wanakohoa mwezi wa pili huu.

Muuguzi Mstaafu

Bi Kokoto, kabla ya mkataba, hao watatu waende kesho wakapimwe makohozi. Ni bure. Waseme wazi kwamba wanapasua mawe, mtoa huduma mwingine hataliuliza.

Nimefanya kazi wodini miaka 31. Hilo la nauli si geni kwetu, lakini hatukuwa na pa kuliandika, kwenye MTUHA, vile vitabu vya takwimu vya kituo, hakuna safu ya bodaboda. Mnakumbuka akina mama wa fistula, wanaovuja mkojo baada ya uzazi mgumu? Upasuaji kwenye hospitali ya CCBRT, Dar, ulikuwa bure na bado hawakuwa wanakuja wa kutosha. Mwaka 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mtu wao wa huko kijijini, waliyemwita balozi, anamkatia mgonjwa tiketi, mgonjwa akifika balozi anapata chochote. Wagonjwa wakamiminika. Bure ilikuwepo siku zote, kilichokosekana kilikuwa basi.

Sasa niwaambie jambo la jikoni. Hiyo mara tatu kwa jambo moja ndiyo sehemu itakayowaudhi watu, kwa sababu inasomeka kama tuhuma kwa kituo. Taasisi ikishika kalamu, hicho ndicho kipengele kitakachofutwa kwanza, kitaandikwa "changamoto za mfumo". Wakati hicho ndicho chepesi kurekebisha! Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati na kituo, na kuna kamati ya usimamizi ya kituo yenye wananchi ndani. Siku ya kipimo kupangwa pamoja na siku ya daktari hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mtu wa kamati mwenye daftari mkononi.

Na jiulizeni, kama serikali iliamini zahanati yenye muuguzi mmoja kushika akaunti yake, kikoba chenye miaka mitatu bila senti kupotea kinashindwa nini?

Ukweli Mchungu

Kikoba hakikaguliwi na CAG, mkaguzi mkuu wa serikali, mama.

Muuguzi Mstaafu

Kinakaguliwa na wanawake 30 kila Jumamosi, baba. Jaribu kupoteza elfu mbili pale.

KijanaWaNyamagana

😂😂 Mama kamaliza.

Mzee wa Kirumba

Wanangu, mnazungumza kama jambo hili limeanza na wafadhili. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima kama milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi ni jirani yenu tu. Somo lilikuwa malaria, wiki nyingine kichocho, minyoo, kuhara, kifua kikuu. Kipindi kikiisha redio inazimwa, watu wanaulizana: hapa kwetu ikoje? Tufanye nini kabla ya wiki ijayo? Baba yangu alichimba choo kwa sababu ya lile swali la "hapa kwetu ikoje", siyo kwa sababu ya redio.

Baada yake, kuanzia 1975, kule Bagamoyo kulikuwa na Jipemoyo. Mama mmoja wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, na vijana wetu wa Wizara ya Utamaduni, walikaa na wanakijiji na wafugaji wa Kiparakuyo, wakisema mwanakijiji si wa kuhojiwa, ni mtafiti mwenza. Wasomi wa dunia wanapoeleza huu utafiti shirikishi ulikotokea, Tanzania imo kwenye kurasa za mwanzo. Leo tunaletewa kwa Kiingereza, na posho elfu kumi, kama vile ni dawa mpya.

Nisiwadanganye, zama zile nazo zilikuwa na amri zake. Kuna vyoo vilichimbwa kwa hofu ya katibu kata na havikutumika hata siku moja. Swali likitoka juu, hata likivaa kanga, watu wanalijua.

Bi Kokoto

Shikamoo mzee. Nimewasomea akina mama hili lako la redio, mmoja amesema bibi yake alikuwa kiongozi wa kikundi.

Mzee wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Mwambie anitafutie kile kijitabu kama bado kipo.

MkaziMukuru

Niaje majirani. Niko Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda Nairobi. Hii maneno yenu tumeipitia.

Sisi huku tulikuwa na vyama vyetu vya akiba chini ya Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda. Watu wa mtaa wenyewe ndio walihesabu: nyumba, vyoo, maji, stima, kliniki. Vijana wa plot kwa plot, si watu wa kuletwa na gari. Tukapata kitu kinaitwa adhabu ya umaskini, yaani mtu wa mabati analipa maji kwa mtungi bei inayozidi ya mwenye bomba kwa mtaa wa matajiri, na maji yenyewe ni machafu. IDRC hao hao wa Kanada waliweka pesa, vyuo vikuu vikaingia, Akiba Mashinani, mfuko wa huo Muungano, wakaingia. Agosti 2017 kaunti ikatangaza Mukuru eneo maalum la upangaji, Njenga, Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya 100,000. Wataalamu wakagawanywa makundi, na moja lilikuwa la afya.

Lakini sikiza siri yake. Kaunti haikututangaza kwa sababu ripoti ilikuwa tamu. Watu walipeleka hesabu na miguu, maelfu ya sahihi na maandamano. Na hesabu ilikuwa yetu, kwa hivyo hakuna mtu angeambia mama wa Reuben "hiyo si hali yenu".

Makosa yetu pia niseme. Pesa nyingi zilipitia kwa mikono ya walio na ofisi. Mama aliyehesabu alibaki na fulana. Kwa hivyo andikeni malipo ya mhesabu kwa mkataba kama mshahara, msiache iitwe posho.

Aside kidogo: huku tangu Oktoba 2024 tuko na SHA, bima ya afya ya serikali. Mtu wa jua kali anaulizwa nyumba yake ni ya nini, anapikia nini, halafu mashine inaamua atalipa ngapi, si chini ya bob 300 kwa mwezi, na anatakiwa kuilipa ya mwaka mzima. Mtu wa kibarua! Wangeuliza chama chochote cha wamama wangeambiwa pesa ya kibarua huingia kwa siku.

Ukweli Mchungu

Sawa, kwa Mukuru nimeelewa. Lakini hapo ndipo hofu yangu ilipo. Bi Kokoto, leo hampigani kwa sababu hakuna cha kupigania. Ikiingia milioni hamsini, nani analipwa kati ya 30? Anayejua kuandika, ambaye ni wewe. Baada ya miezi sita utakuwa na simu mpya na kikoba kitakuwa kimevunjika. Nimeona kikundi cha walemavu kikifa hivyo. Kabla ya ruzuku walikuwa ndugu.

Bi Kokoto

Nimesoma hii mara mbili. Sina jibu la haraka. Umenigusa pabaya kwa sababu jana mtu aliniuliza hivyohivyo, kwa sauti ya chini.

Msoma Mikataba

Nachelewa lakini nimefika. Nimekaa upande wa kuandika mikataba hii miaka kadhaa, niwaambie inavyosomwa ofisini.

Kipengele kibaya kuliko vyote hapo ni kile cha kutumia kwanza na kurudishiwa siku 90. Hata kile cha umiliki wa daftari hakikifikii kwa ubaya. Maana yake ni kwamba mwanamke anayegonga mawe anaikopesha taasisi. Mfuko wa jamii utaingia humo, mtu ataugua wiki ya sita, mfuko utakuwa mtupu, yaani utafiti wa gharama za ugonjwa utakuwa umewanyang'anya pesa za ugonjwa. Kataeni. Ombeni malipo ya awali ya miezi mitatu mitatu, ya pili ikitoka baada ya hesabu ya kwanza. Jambo la kawaida sana, wao wenyewe ndivyo wanavyolipwa na wafadhili wengi.

Kwa nini pesa haziji kwenu moja kwa moja? Siyo njama kila mara. Mfadhili mkubwa anataka usajili, hesabu zilizokaguliwa miaka ya nyuma, sera ya manunuzi, na wa Marekani alitaka usajili kwenye mfumo wao wa mtandaoni ambao umewatoa machozi watu wenye shahada mbili. USAID, shirika la misaada la Marekani, waliahidi 2021 kwamba robo ya fedha zao ingekwenda kwa mashirika ya wenyeji kufikia 2025. Mwaka wa fedha wa 2023 hawakufika asilimia 10. Halafu Januari 2025 misaada ikasitishwa, na waliolala njaa kwanza ni wale wa mwisho kwenye mnyororo, hawakuwa na hata mkataba wa kudai. Kwa hiyo msijenge kikoba juu ya mradi. Kikoba kiwe pembeni, mradi uwe na akaunti yake na watia sahihi watatu, asiwemo katibu peke yake. Hilo pia linamjibu Ukweli Mchungu, ambaye kwa mara ya kwanza naona ameongea la maana.

Taasisi inaweza kubaki kama mlezi wa fedha. Si aibu. Ila mlezi halei kwa kuamua mtoto aseme nini. Maswali yapitishwe na mkutano wenu, na kisitoke chochote kabla hakijasomwa kwenu kwa Kiswahili.

Kuhusu daftari, lina majina na magonjwa ya watu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na taarifa za afya ni za kulindwa zaidi. Wapeni nakala isiyo na majina, daftari lenyewe libaki kwenye sanduku la kikoba lenye funguo tatu. Someni walichofanya Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini. Maarifa yao ya mmea wa hoodia, unaotuliza njaa, yalisajiliwa hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, na taasisi ya utafiti ya huko bila wao kuulizwa, wakaja kupata makubaliano ya mgawo mwaka 2003. Mwaka 2017 wakatoa kanuni zao: mtafiti akija anakuja kwa heshima, ukweli, haki, kujali, na kwa utaratibu wao. Ni fupi, zinasomeka.

Na vibali: taasisi ndiyo ikatafute kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hiyo ndiyo kazi yao, lakini majina yenu yawe ndani kama watafiti. Msianze kuuliza watu nje ya kikundi kabla ya kibali.

KijanaWaNyamagana

Huu uzi ungetakiwa ulipiwe kiingilio.

Mtakwimu

Naongeza moja kwa Bi Kokoto. Gharama ya kurudisha majibu iwe mstari wenyewe kwenye bajeti: ukumbi, chai, nauli ya waliohojiwa. Usipoiandika, pesa zitaisha kwenye semina ya hoteli na majibu yatabaki kwenye kompyuta ya mtu. Nami nipo tayari kuwasaidia bure kupanga namna ya kuwapata wapasua mawe wengine nje ya kikoba chenu, ili Ukweli Mchungu asipate pa kushika. Nitumie ujumbe wa faragha.

Bi Kokoto

Wakuu, mrejesho. Tumekutana jana chini ya mwembe, nikasoma uzi wote kwa sauti, mpaka kejeli za Ukweli Mchungu. Walicheka.

Hatujasaini. Tumeandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Daftari halitoki, nakala bila majina itatoka. Hakuna kutumia kwanza. Wanaouliza maswali watalipwa kwa kazi na watachaguliwa kwa zamu, sita kila robo mwaka, na mimi nimejitoa kwenye zamu ya kwanza (nilinuna kidogo, nisiwadanganye). Nauli na siku za kulaza nyundo ziwe swali la kwanza kwenye fomu, siyo la mwisho baada ya "una elimu gani". Na ile mara tatu kwa jambo moja hatungojei mradi, mwenyekiti anaipeleka kamati ya kituo Jumanne.

Leo asubuhi wamenipigia. Zamu na malipo wamekubali. La daftari wamesema watauliza juu. La fedha ya awali wamesema mhasibu hajawahi kufanya hivyo na kikundi, nikamwambia hata sisi hatujawahi kufanya hivi na mhasibu.

Wale watatu wa kikohozi wamepimwa. Wawili hawana. Mmoja ameanza dozi leo, na nimeshaandika ukurasa wake: bodaboda kwenda 2,000, kurudi 2,000, siku moja bila kugonga.